Mkaguzi wa Michoro Yangu

Meru hakuna reli. Anayetaka kuona treni hana budi kuifuata mbali, ng'ambo ya pili ya mlima, na watu wengi wa rika la mama yangu hawakuwahi kuona sababu ya kujisumbua hivyo. Kwa hiyo niliporudi nyumbani na kusema kwamba kazi yangu ni kuchora mifumo ya taa zinazoongoza treni katika nchi ya watu, nchi yenye theluji, nami nimeketi papa hapa Meru, mama aliniangalia kwa huruma. Akauliza kama hao watu hawana watoto wao wa kuwachorea. Majirani zetu wa Kaaga nao waliamua kimyakimya kwamba mimi ni tapeli wa mitandaoni. Nilikuwa na kompyuta nzuri, sikutoka jasho, na mwisho wa mwezi nilirudi na nyama. Sikuwalaumu.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la agroveti, karibu na soko la Gakoromone. Kampuni ya huko ng'ambo ilikuwa imeshinda kazi ya kuweka taa mpya kwenye reli yao, ikatugawia sisi kipande cha michoro kwa sababu tulijua kazi na tulikubali malipo ambayo vijana wao wangeyacheka. Asubuhi nilipanda ngazi zilizonuka dawa ya kuogeshea ng'ombe, nikawasha kompyuta, nikaingia kwenye stesheni ambayo sijawahi kuikanyaga. Chini ya dirisha wenye mikokoteni ya kabeji walikuwa wakitukanana.

Kazi yenyewe si uchawi. Treni haina usukani, na ikishika kasi haisimami upesi. Basi kabla taa haijawaka kijani, lazima mfumo uwe na hakika kwamba njia iliyo mbele ni tupu, na kwamba hakuna treni nyingine iliyopewa ruhusa ya kuja kukutana na hii. Njia moja ikifunguliwa, zote zinazoweza kuigonga hujifunga. Na kitu chochote kikiharibika, hata panya akiguguna waya, taa hurudi kuwa nyekundu. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu haina maneno mengi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na watu wasemao "tutaona" hunichosha.

Kuna sheria moja katika kazi hii ambayo haina msamaha: anayechora hajikagui. Mchoro ukiisha unapelekwa kwa mtu mwingine, naye huukagua peke yake tangu mwanzo, bila kuambiwa mchoraji alikuwa anakusudia nini. Kilicho sawa anakipaka rangi ya njano. Asichokielewa anakiuliza kwa maandishi. Hawaruhusiwi kukaa pamoja na kuelezana, maana ukinieleza ulichotaka kuchora, nitakiona hata kama hukukichora. Kwa hiyo mkaguzi wangu aliwekwa chumba cha pili, na kati yetu kukawekwa ukuta wa mbao nyembamba.

Alikuwa mtu wa Ishiara, kule Mbeere, kwenye joto na ndengu. Baridi ya Meru aliichukia waziwazi. Mwezi wa saba alikuwa akivaa sweta mbili na kuuliza ni nani aliyetuloga tukakubali kuishi juu ya mlima. Mchoro wangu wa kwanza aliupaka njano karibu wote, isipokuwa taa moja niliyoiweka baada ya daraja, kwenye kona. Kando yake aliandika: dereva ataiona akiwa ameshaipita. Nilikasirika, nikaitazama tena ile kona, nikaihamisha taa. Wakati wa chai hakuligusia jambo hilo hata kidogo. Aliniuliza tu kama watu wa kwetu hula kitu kingine zaidi ya mukimo.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Tulikatazwa kuzungumza juu ya mchoro, na hatukukatazwa kuzungumza juu ya kingine chochote. Tukazungumza juu ya shule za bweni, mama zetu, mahubiri marefu na watu wanaoazima chaja. Tulikuwa tumepewa filamu iliyopigwa kutoka kwenye kichwa cha treni, ikionyesha reli yote, na kila mmoja aliitazama chumbani kwake. Wakati mwingine nilimsikia akicheka nyuma ya mbao, nikajua amefika kwa yule mzee anayesimama kando ya reli na mbwa wake na kumpungia mkono dereva. Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Mwenye agroveti alijua kabla yetu, akaanza kumwita yeye "mama" na kunipunguzia mimi salamu.

Tulipoamua kuoana, tuliiarifu kampuni. Wakajibu kwamba mume na mke hawawezi kukaguana, kwa hiyo baada ya harusi yeye angepewa michoro ya mtu mwingine. Tulifurahi sana kupoteza kitu hicho. Nilikwenda nyumbani nikamwambia baba nimepata mtu.

Baba ni mzee wa kanisa. Aliniuliza swali ambalo watu wa kwetu siku hizi hulitanguliza: ni wa kanisa gani? Nikamwambia ni wa kanisa letu hili hili. Akasema Bwana asifiwe, akarudi kwa ng'ombe wake. Huko Ishiara baba wa mkaguzi wangu naye alimuuliza binti yake swali lilo hilo, akapata jibu lilo hilo, akaridhika. Hakuna aliyeuliza ukoo. Wazazi wetu waliokoka wakiwa vijana, na mambo ya ukoo waliyaweka pamoja na pombe za asali na mizimu. Sisi watoto wao tulipelekwa shule ambako mtu akikuuliza ukoo wako unamwona mshamba. Kati ya watu wote hao wenye kusoma na kusali, hilo moja halikumjia mtu yeyote.

Tulishuka Ishiara siku ya Jumamosi kwa gari la mchungaji, mimi, baba, mama na wazee wawili wa kwetu. Tulibeba unga, sukari, mafuta ya kupikia na blanketi la mama wa mkaguzi wangu. Baba alikuwa amevaa koti zito la sufu nililomletea nilipotoka masomoni, na joto la kule lilipompiga alikataa kulivua. Alisema hakuja kuposa akiwa na shati kama mtu anayekwenda kupalilia. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola, naye akatabasamu tu.

Walitupokea vizuri mno. Tulikula mbuzi, ndengu na chapati, tukaombewa, tukajulishana mmoja mmoja. Wazee waliongea kila upande kwa lugha yake, polepole, na tulielewana. Baba mkubwa wa mkaguzi wangu, mzee mwembamba ambaye hakuwa mtu wa kanisa sana, alikuwa amekaa kimya muda wote. Sasa akamuuliza baba yangu, kwa upole tu, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kwamba ninyi ni wa ukoo gani huko Meru. Baba akautaja.

Yule mzee aliinuka. Alivuka uwanja hadi mahali tulipokuwa, akasimama mbele ya baba yangu huku anacheka, akasema, "Nipe hilo koti."

Nilidhani amelewa. Baba hakukasirika. Alimuuliza wao ni wa ukoo gani, akajibiwa, naye baba akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimewahi kukisikia kwake. Akasimama, akavua koti, akamvika yule mzee mabegani kwa mikono yake mwenyewe. Wakakumbatiana kama watu waliopotezana vitani. Wazee wote wakapiga makofi, nami nikapiga makofi, mjinga mimi, nikifikiri mambo yetu yamekubalika kupita kiasi.

Kisha kicheko kikaanza kukatika, mdomo mmoja baada ya mwingine. Baba alikaa chini, akaitazama mikono yake. Mama wa mkaguzi wangu alitoka jikoni na sinia la chai, akaona koti liko mabegani mwa nani, akaliweka sinia chini kwenye vumbi. Nilimtafuta mkaguzi wangu kwa macho nikamwona ananitafuta mimi, na yeye pia hakujua. Shangazi yake ndiye aliyemwinamia sikioni akamweleza. Nilimwona uso wake ukibadilika kabla mimi sijaambiwa lolote.

Waliniambia garini. Ukoo wetu na ukoo wao ni za gichiaro. Zamani, kabla ya babu wa babu, watu wa koo hizo mbili waliapishana kwa damu wakawa ndugu. Mtu wa gichiaro hamdanganyi mwenzake. Hamwagi damu yake. Akiombwa kitu na mwenzake hakatai, ndiyo maana yule mzee aliomba koti, ni utani wao na ndiyo salamu yao. Na hawaoani, kama vile mtu asivyooa kwa mama yake; wakioana, laana huwaangukia watoto. Tulikwenda kutafuta ushemeji tukapewa undugu, na undugu huo ulikuwa heshima kubwa kuliko tuliyoiomba. Walitupakilia gunia la ndengu. Lilikaa kati yangu na baba kwenye kiti cha nyuma hadi Meru, na sijawahi kuchukia chakula kama nilivyolichukia gunia lile.

Nilipigana. Nilikwenda kwa mchungaji, akaniambia katika Kristo hakuna gichiaro, nikamshika mkono kwa furaha. Halafu akaongeza kwamba hawezi kufungisha ndoa ambayo wazazi wa pande zote wameikataa. Nilikwenda kwa wazee wa ukoo nikawauliza ni nini kilichosababisha kiapo kile, na ni nani aliyekila. Mmoja alisema ilikuwa vita, mwingine akasema njaa, kwamba watu wa kwetu waliwafungulia watu wa kwao maghala na watoto wao wakapona. Wakaniambia mwacha mila ni mtumwa. Niliwajibu vibaya, na bado nawaona walivyonitazama bila kukasirika.

Niliwauliza basi kinafunguliwaje. Kazini kwangu kila kufuli lina namna yake ya kufunguka. Njia ikifungwa kwa ajili ya treni, treni ikishapita inafunguka. Hata treni ikiharibika njiani, kuna utaratibu wa kusubiri, wa kuthibitisha, hatimaye wa kufungua. Hakuna mchoraji mwenye akili anayeweka kufuli ambalo halina njia ya kutoka. Wazee walisikiliza kwa adabu. Walisema waliokula kiapo ndio pekee ambao wangeweza kukitengua, na hao wamekufa.

Mtu niliyemwendea mwisho ni baba, kwa sababu ndiye niliyedhani ni rahisi. Nilimkumbusha ubatizo wake. Nilimkumbusha ni mara ngapi alisimama mimbarini akasema mambo ya kale yamepita. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe na hakuacha kukata.

"Mwanangu, mimi nimeokoka," alisema. "Lakini yule mzee aliponiomba koti, sikufikiri. Mkono ulienda wenyewe. Sasa nitakuambia aje siamini?"

Alisema anasikitika kwa ajili yangu, na nilijua ni kweli, na haikunisaidia kitu.

Lililobaki lilikuwa moja tu. Tulikuwa watu wazima, wenye kazi na vitambulisho. Nilimwambia mkaguzi wangu twende Nairobi tukaandikishe ndoa kwa msajili, tukae huko, wazee watazoea. Nilimwambia hata hiyo kampuni ingetuchukua tukaishi kule kwenye theluji yao. Hakukubali wala hakukataa. Alisema atazungumza kwanza na mama yake. Kila Ijumaa alishuka Ishiara na kila Jumatatu alirudi akiwa amenyamaza zaidi, na mimi niliishi kati ya Ijumaa na Jumatatu kama mgonjwa anayesubiri majibu ya damu. Sikuomba kitu kingine kwa Mungu miezi hiyo. Niliomba tu aseme twende.

Kazi nayo ilikuwa imefika mahali pagumu, stesheni ambapo njia tatu zinakutana. Niliichora nikiwa na usingizi na uchungu, nikidhani nitaivuruga, na haikuvurugika. Michoro ilirudi kutoka ng'ambo ya ule ukuta ikiwa ya njano kila mahali, mstari baada ya mstari, imepakwa kwa uangalifu ule ule wa siku zote. Mahali alipouliza, aliuliza kwa maneno machache na ya haki. Nilitafuta katika maandishi yake dalili ya mtu aliyevunjika moyo na sikuiona. Hilo liliniuma kuliko kama angelia. Sikuelewa wakati ule kwamba kazi ndiyo mahali pekee alipokuwa amebakiwa na uhakika.

Alikuja chumbani kwangu Jumatatu moja asubuhi, kabla mwenye agroveti hajafungua duka. Hakukaa. Alikuwa na sweta zake mbili na macho yaliyovimba, na nikajua amezungumza na mama yake.

"Mimi siogopi hiyo laana," alisema. "Laana ningebeba. Lakini mama ataogopa. Kila mtoto wetu akikohoa, mama ataniangalia na hatasema kitu. Hiyo ndiyo siwezi."

Nilimwambia tutaishi mbali, mama yake hatakuwa anasikia watoto wakikohoa. Alisema mama yake ataogopa hata kwa simu. Nilimwambia hofu huisha. Alisema nyanya yake alizikwa akiwa na hofu zake zote, hakuna iliyoisha. Niliendelea kusema, na nadhani nilipandisha sauti, kwa sababu nilikuwa na hoja nyingi na zote zilikuwa nzuri. Aliniacha nikamaliza.

"Nataka kukuomba kitu," akasema. "Nakuomba kama mtu wa gichiaro."

Niliinuka kitini.

"Niombe kama mtu mwingine tu."

"Nikikuomba hivyo utakataa."

"Nitakataa."

"Sasa unaona," akasema. "Usiniambie tena tuoane. Usinifuate nyumbani, usinipigie simu. Niache niende."

Nimechora makufuli mengi maishani, na sijawahi kuona lililofungwa sawasawa kama hilo. Nikikataa, nitakuwa nimemnyima mwanamke ninayempenda kitu pekee alichowahi kuniomba, tena akiwa analia. Nikikubali, nitakuwa nimekiri kwa mdomo wangu mwenyewe, mimi niliyewacheka wazee, kwamba yeye ni dada yangu. Hakuwa amenitega. Alikuwa amechoka kupigana na watu awapendao, na mimi nilikuwa mmoja wao, labda mkali kuliko wote. Nilimpenda zaidi wakati ule kuliko siku yoyote. Ningetoa reli ile yote na taa zake ili nisiyasikie maneno yale, na nilikuwa nimeshayasikia.

Lisilobudi hutendwa. "Sawa," nikasema. "Nimekupa."

Alisema asante, akaniita kaka. Kisha akajifunika uso kwa mikono ya sweta akalia kwa sauti, mle ndani, huku mwenye agroveti akiinua mlango wake wa chuma pale chini. Nilitaka kumshika. Sikujua kaka humshika vipi dada anayelia kwa ajili yake, nikabaki nimesimama kando ya meza, hatua moja kutoka kwake, hadi alipomaliza.